Mkono wa Saud Kwenye Mkono wa Mtu Mwengine

Siku nliyomuona maiti akicheza biliadi ilikuwa mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mie Muhiddin, mtu wa mtaa wa Malindi. Sahibu yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Saud, tukicheza biliadi klabu moja pale mjini.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, walikuja watu kumchukua kwao. Hakurudi. Mama yake, Bi Jokha, hakuambiwa kitu. Hakujua amlilie au amngoje.

Sasa, Saud alikuwa na mambo yake mezani.

Sie wengine ukipiga, kifundo cha mkono unakiacha kining'inie, fimbo iende sawa. Yeye alianguka utotoni, mfupa ukaungwa vibaya, kifundo kikapinda kwa ndani. Fimbo yake ilikuwa ikiigusa gololi ubavuni. Gololi inazunguka, inakata kona, hiyoo, tunduni!

Tulijaribu kumuiga. Tuliambulia kuchana kitambaa cha meza.

Mwaka 1969 naingia klabu, namkuta jamaa simjui, kainama mezani.

Kifundo kimepinda kwa ndani.

Akapiga. Gololi ikazunguka, ikakata kona, ikatumbukia.

Mwili ulinisisimka mpaka utosini. Nikamsogelea.

"Bwana, mkono wako ulivunjika?"

"Mzima." Akaugeuza nione. "Nlifundishwa hivi."

"Na nani?"

Akaiweka fimbo chini taratibu. "Wewe ulikuwa ukimjua Saud?"

"Sahibu yangu. Mlifungwa pamoja?"

"La. Mie nlikuwa mlinzi wake jela."

Wallahi nlitaka kumrukia. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, kama mtu asiyejua usingizi.

Jina lake Mkadam, anakaa Kiembe Samaki. Akanieleza kuwa Saud alikuwa akimfundisha uani, kwa mti wa ufagio na ndimu. Halafu homa ikamshika. Dawa hazikuja. Akafa.

"Tangu siku ile," akasema, "nikishika fimbo tu, mkono unapinda. Nataka kuunyoosha, hautaki. Kama kuna mtu kanishika."

"Twende kwa mama yake."

"Hatoweza kunitazama."

"Twende, nakwambia!"

Bi Jokha tulimkuta anachambua mchele. Mkadam akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, Bi Jokha."

Nikamweleza huyu nani na kaja na habari gani. Bibi ile shikamoo hakuiitikia. Alimtazama mpaka mie nikainamisha kichwa.

"Kazikwa?"

"Nlimzika mwenyewe."

"Kasaliwa?"

"Kasaliwa. Mie na mwenzangu mmoja."

"Wapi?"

Mkadam akamtajia mahali. Bi Jokha akajifunika uso kwa ukaya wake, akalia. Kilio cha miaka yote ile kilitoka siku ile.

Alipomaliza akajifuta, akamuinua yule bwana kwa mkono.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani."

Ijumaa tukamsomea Saud khitma. Mkadam alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu, analia kimyakimya.

Msiniulize kama mkono wake ulinyooka. Hakushika fimbo tena, na mie sikumshawishi.

Ninalowaambia ni hili: ukijua habari ya mtu aliyepotea, wapelekee watu wake, hata kama unaogopa kutazamwa. Bi Jokha alilala usingizi usiku ule. Aliniambia mwenyewe.