Mama Bobini na Chumba cha Tatu

Walimwita Mama Bobini kwa sababu akiletewa cherehani kikuukuu hakuhangaika na rangi wala mkanda. Alifungua kifuniko cha chini, akachomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga. Bobini iliyolika upande mmoja inatoa habari za mashine nzima, na habari hizo hakumgawia mwenye mali. Alirudisha kifuniko, akanyamaza. Mwenye mali ndiye aliyeanza kujieleza, na mtu akianza kujieleza, bei imeshaanza kushuka.

Kazi yake ilikuwa kununua vyerehani kwenye karakana za ushonaji zinazofungwa, kuvitengeneza na kuviuza kwa mafundi wanaoanza. Karakana hazifungwi mtaani kwako kila wiki, kwa hiyo maisha yake yalikuwa barabarani. Mji huu, kisha mji ule, na katikati vyumba vya gesti: kitanda, feni, kioo chenye ufa, taulo iliyokunjwa na kipande cha sabuni juu yake. Vyumba hivyo vinafanana mpaka mtu akiamka anapapasa ukutani kutafuta swichi ya chumba cha juzi.

Mshirika wake alikuwa mzee mmoja mwenye mtaji mzuri na magoti mabovu, aliyebaki nyumbani. Kila asubuhi ya ununuzi mzee alimtumia kwa barua pepe kiwango cha mwisho wasichoweza kukivuka. Hicho ndicho kitu ambacho mnunuzi hakiachii hata akibanwa mlangoni. Ukikiachia, umevuliwa nguo sokoni.

Sasa ikatokea safari moja, mwenye karakana akataja bei palepale, bila kupapasa, na bei yenyewe ilikuwa kile kiwango cha mzee, haikuzidi wala haikupungua. Mama Bobini akasema ni bahati mbaya. Karakana ya pili, mji uleule, vilevile. Akafunga mkoba wake. Bahati mbaya haiji mara mbili imevaa nguo zilezile.

Akaenda kwa fundi wa simu, mtu mzima mwenye mvi za pembeni na miwani iliyofungwa kwa waya.

“Habari za kazi, fundi.”

“Salama, mama. Simu imefanya nini?”

“Haijafanya kitu. Inasema mambo yangu kwa watu.”

Fundi akaweka bisibisi chini. “Kule gesti uliona mitandao mingapi?”

“Miwili. Majina karibu sawa.”

“Ukaingia upi?”

“Ule wenye nguvu.”

“Ukakuuliza neno la siri la barua pepe yako, nawe ukaliandika.”

Mama Bobini akanyamaza, na safari hii hakuwa anapatana bei.

“Basi mama, umeingia nyumba ya jirani ukidhani ni ya mwenyeji, na ufunguo wako ukamkabidhi mlangoni. Kuna mtu pale gesti anakula kwa kuuza habari za wasafiri.”

Fundi alimbadilishia neno la siri hapohapo. Kisha akavuta droo, akatoa kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ruta ya safari, akasema. Unaichomeka chumbani, yenyewe inachukua intaneti ya gesti, halafu simu na kompyuta yako zinaingia kwenye ruta tu, si kwa gesti. Na kwa kuwa gesti si ya kuaminika, ruta haitoi kitu wazi: inachimba njia yake iliyofungwa mpaka kwenye kisanduku kingine kitakachokaa nyumbani kwako, na mambo yote yanatokea huko. Mtu wa gesti akichungulia anaona bomba linapita. Kilichomo ndani hakioni.

“Bei gani?”

Fundi akataja. Mama Bobini akakigeuza kile kidude, akapuliza matundu ya waya, akanyamaza.

“Mama, usininyamazie,” fundi akasema. “Mimi nimeoa kwa wafanyabiashara, naujua huo mchezo.”

“Basi pole kwa mkeo. Utapunguza au hupunguzi?”

Alipunguza, na akaja mwenyewe kufunga kisanduku cha nyumbani bila malipo ya ziada. Akaacha sharti moja tu: kisanduku kisizimwe. Kikizimika, njia imekatika. “Nyumbani kuna mtu?”

“Mwanangu yupo,” alijibu Mama Bobini.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini. Alilelewa chini ya meza za mapatano. Tangu hajajua kufunga viatu alikuwa anakaa juu ya marobota ya vitambaa, akimtazama mama yake anavyonyamaza. Baba yake alishaenda zake zamani na hapakuwa na wa kumuulizia.

Kuanzia hapo kila chumba kilianza kwa namna moja. Mkoba chini, ruta kwenye soketi, kisha kukaa kitandani kungoja taa. Ikiwa nyekundu, njia bado. Ikigeuka buluu na kutulia, nyumbani kuna umeme na kuna mtu. Hapo ndipo alipopiga simu.

“Umefika, mama?”

“Nimefika. Hicho kisanduku kinawaka?”

“Kinawaka kuliko mimi. Mimi leo nimepima damu za watu hadi nimeishiwa na yangu.”

“Umekula?”

“Nimekula. Na wewe usiniambie umekula, sema umekula nini.”

Siri ya bei ikatulia. Sisi wanunuzi wenzake, tuliokuwa tukishindana naye, tuliliona hilo kwa uchungu, maana alirudi kuwa yule Mama Bobini wa kuogopwa.

Ndipo binti akapata kazi hospitali kubwa ya mji mwingine. Akahama. Nyumba ikabaki na kisanduku kimoja kinachowaka sebuleni, mapazia yamefungwa. Mama Bobini aliendelea kulipia umeme wa nyumba isiyo na mtu ili apate pa kupitishia maneno yake. Ukimuuliza, alisema ni gharama ya biashara, na hesabu ilikubali. Lakini taa ya buluu ikawa haisemi tena kwamba kuna mtu. Ilisema kuna umeme, basi.

Jioni moja, akiwa kwenye chumba kilichotazamana na ukuta wa ghala, binti alimpigia.

“Nimepata nyumba, mama. Nzuri, ina maji. Vyumba vitatu.”

“Vitatu, peke yako?”

“Kimoja nalala, kimoja sebule. Cha tatu hakina mtu.”

Mama Bobini alilisikia lile neno na akalielewa. Alikuwa amelingoja tangu binti afunge masanduku yake. Magoti yake nayo yalishaanza kufuata njia ya magoti ya mzee, na gesti zilikuwa zimemchosha kuliko alivyokubali. Alichotaka ni kuambiwa: njoo ukae. Akiambiwa, angejivuta kidogo kwa heshima, halafu angekubali. Lakini kutaja yeye kwanza? Maisha yake yote yalijengwa juu ya jambo moja: anayetaja kwanza ameshapoteza. Akanyamaza.

Upande wa pili nako kimya. Feni ikazunguka.

“Umenisikia, mama?”

“Nimekusikia.”

Binti hakuongeza. Naye alikuwa mwanafunzi wa shule ileile, na mwalimu wake alikuwa huyuhuyu. Mwishowe wakazungumzia tangi la maji lililovuja, wakaagana.

Simu zikawa zinakuja, na chumba cha tatu hakikutajwa tena. Katika miezi hiyo Mama Bobini alifanya ununuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake, kiwanda kizima cha sare kilichofilisika, safu baada ya safu ya vyerehani vya umeme. Mwenye kiwanda alikuwa na mawakili wawili na hakufahamu lolote kuhusu kiwango cha mzee. Alipotoka na karatasi zimetiwa saini, alitoa simu kabla hajafika barabarani. Akampigia binti, yuko kazini, simu haipokelewi. Akampigia mzee, mzee akasema, “Vizuri,” akauliza habari za malori. Akarudi gesti akamwambia mtu wa mapokezi.

“Leo nimenunua kiwanda.”

“Hongera, mama,” akasema mtu wa mapokezi, huku akitafuta ufunguo. “Utalala siku moja au mbili?”

Safari iliyofuata taa haikugeuka. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akiitazama inavyometa nyekundu. Akachomoa, akachomeka, akapuliza matundu. Nyekundu. Mtandao wa gesti ulikuwa mzima, kwa hiyo shida ilikuwa nyumbani: umeme umekatika, au kisanduku kimekufa. Zamani ilikuwa ni kumwambia mtu akibonyeze. Sasa nyumba ilikuwa na kufuli mlangoni, ufunguo mmoja ulikuwa mkobani mwake, na wa pili ulikuwa mji mwingine.

Akampigia mwenye ufunguo wa pili.

“Kisanduku kimezimika,” akasema bila salamu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kisanduku kimezimika.”

“Mama, mimi siko huko. Unajua siko huko.”

“Najua.”

“Basi unanipigia nifanye nini?”

Nyuma ya sauti ya binti mtu alicheka, na sufuria ikagonga sinki.

“Nani huyo?”

“Mwenzangu wa kazini, muuguzi. Amehamia kile chumba cha tatu tangu mwezi uliopita.”

Mama Bobini akavua kiatu kimoja, akakishika. “Hukuniambia.”

“Nilikuambia. Nilisema hakina mtu.”

“Huko si kuniambia. Huko ni kutega.”

“Nimefundishwa na nani?” Binti hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. “Nilingoja uulize, mama. Nikangoja, nikangoja. Nikasema basi, hataki, ana safari zake.”

“Nami nilikuwa nakungoja wewe.”

“Sasa ona.”

Hapo Mama Bobini akafanya kitu ambacho hakuna mwenye karakana aliyewahi kukiona. Alitaja kwanza. “Nilitaka kuja kukaa na wewe. Nimechoka na vyumba hivi.”

Simu ilikaa kimya muda mrefu. Hakikuwa kimya cha mapatano, maana binti alivuta pumzi mara mbili kama anayetaka kusema.

“Ana mkataba wa mwaka, mama. Na kodi nagawana naye, peke yangu siiwezi. Njoo utembee basi. Utalala kwangu, kitanda ni kikubwa.”

“Kwa muda gani?”

“Mama!”

“Nauliza tu.”

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi. Baada ya hapo hapakuwa na la kuongeza. Kesho yake mzee alimtajia kiwango kwa mdomo, kwenye simu, na ununuzi ukapita.

Mwisho wa mwezi alikwenda. Nyumba ilikuwa safi, ina maji kweli. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa na kanga imetundikwa, na chini yake ndala za mtu. Binti alimkumbatia, wakala, wakalala ubavu kwa ubavu kama zamani, na asubuhi binti akaondoka kwenda zamu.

Muuguzi ndiye aliyekuwa mapumzikoni. “Shikamoo, mama. Umeamkaje, mgeni wetu?”

“Marahaba, mwanangu. Salama.”

Mama Bobini alitaka kumtumia mzee ujumbe. Simu ikaonyesha mtandao wa nyumba ile, ikauliza neno la siri. Alikaa nalo kidogo, kisha akamuuliza muuguzi, mpangaji wa chumba cha tatu. Mpangaji akamtajia herufi moja moja, polepole, kwa adabu, naye akaziandika kwa kidole kimoja. Mtandao ukakubali. Akamwambia mzee kwamba Jumatatu yuko safarini, kisha akauliza vikombe vinakaa wapi.