Muuguzi wa Katangi Aliyezikataa Kamba

Ni saa tatu asubuhi, miezi saba iliyopita. Kalekye Mutiso ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya nyumba ya mabati karibu na soko la Katangi. Ndani amejifungia Laban Muindi, fundi cherehani, panga mkononi. Siku ya nne hii hajala wala kulala. Pombe na sauti anazozisikia zimemvuruga.

Majirani wamekuja na kamba. Kalekye anawaomba wazirudishe nyumbani, kisha anaugeukia mlango.

"Laban, sitakudanganya. Leo utaenda hospitali hata ukikataa. Mama yako ameomba, daktari anakungoja, na sheria inaruhusu. Lakini hakuna mtu atakufunga. Niko hapa, sina haraka."

Saa moja na nusu inapita. Panga linatupwa nje kupitia dirisha. Laban anatoka akilia na kupanda ambulensi mwenyewe.

Muuguzi huyu wa afya ya akili, mwenye umri wa miaka 43, anajua kamba hufanya nini. Kaka yake, Mwendwa, alipougua miaka kumi na mitano iliyopita, alifungwa mikono akalazwa nyuma ya pikapu. Wadi haikuwapo, akakaa selo ya polisi siku tatu. Akili zilimrudia, lakini vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjuki hadi leo.

Sheria ilipozitaka kaunti ziwe na huduma kwa wagonjwa wa namna hiyo, Kalekye alifurahi. Kisha akatazama pale anapofanyia kazi: hapakuwa na kitanda hata kimoja cha wagonjwa wa akili. Aliandika barua kumi na moja. Zilijibiwa mbili, zote zikimtaka asubiri.

Ndipo akamwalika ofisa mmoja wa afya aje washinde pamoja kliniki. Siku hiyo mzee mmoja alimleta binti yake akiwa amefungwa mnyororo wa ng'ombe.

"Yule ofisa hakula chakula cha mchana," Kalekye anakumbuka. "Aliniuliza tu kama ile stoo ya vitanda vibovu iko na mlango wa pili."

Miezi mitano baadaye, stoo ikawa wadi ya wanaume yenye vitanda vinane. Polisi na machifu walifundishwa namna ya kumchukua mgonjwa kwa utu. Tangu hapo wanaume thelathini na mmoja wamelazwa bila hiari yao. Ishirini na sita wamerudi makwao, na hakuna hata mmoja aliyefungwa.

Laban alikuwa wa kwanza. Wiki nzima hakumsemesha Kalekye. Leo ana miezi saba hajaonja pombe, na kila mwezi huja kliniki bila kusukumwa.

"Niliomba apelekwe nikijua atanichukia," anasema mama yake, Kalondu. "Sasa ndiye ananiamsha twende kanisani."

Wanawake bado hupelekwa mbali, na Kalekye hataki kulinyamazia hilo. Kaunti imekubali kuwafungulia wadi, na mafundi wanaanza Jumatatu. Chumba alikichagua mwenyewe: ni ofisi yake.

"Vitanda sita vitaingia," anasema akiondoa mafaili kwenye rafu. "Mimi nitaandikia kwa korido."