Gari Lililooga Mara Mbili

"Dada, nikuulize jambo, usinikasirikie. Hivi hilo gari lenu huwa linaoga mara mbili?"

Aliyeuliza ni jirani, fundi cherehani, ambaye dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama ua wa nyumba ya dereva. Alikuwa amebana pini mdomoni, kwa hiyo maneno yalimtoka upande mmoja. "Shemeji anaosha, anafuta, anaingia ndani. Halafu wewe nawe unatoka ukinyata kama mwizi wa kuku, unafuta tena. Sisi wenzenu hata hiyo mara moja ni mpaka tulibembeleze bomba!"

Mke wa dereva alicheka, akamjibu kwamba gari la kazi lazima ling'ae. Kisha akaingia jikoni, akarudisha mlango, na kicheko kikamwishia pale pale.

Mumewe aliendesha teksi tangu ujana wake. Mtaani walimwita Bwana Kioo, kwa kuwa mtu aliweza kusimama mbele ya mlango wa gari lake akachana nywele zake vizuri tu. Wasichana walikuwa na mchezo huo kila asubuhi, naye akiwaona huwapigia honi wakaruka huku wanacheka. Kumpa mtu mwingine gari aoshe, hataki hata kusikia. "Watalifuta kwa tambara la kudekia," alikuwa akisema, "halafu waniambie bosi, tayari!"

Maji ya mtaa ule ni ya chumvi. Tone likiachwa likaukie kwenye bati, linabaki duara jeupe, kama chozi lililokaukia shavuni. Kwa hiyo Bwana Kioo hakuosha gari juani. Alilisogeza kwenye kivuli cha ukuta, akaweka ndoo ya sabuni huku na ndoo ya kusuuzia kule. Alianza juu ya paa akashuka, maana uchafu nao hushuka. Mwisho alimimina maji taratibu kutoka kwenye kopo, yateleze yote kwa pamoja bila kurukaruka, halafu akafuta upesi kwa fulana kuukuu, sehemu moja baada ya nyingine, kabla upepo haujamtangulia. Fulana hiyo ilifuliwa peke yake, na ole wake atakayeifutia meza.

Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. Kwanza alilaumu taa za barabarani, akalaumu vumbi, akamlaumu hata aliyepaka rangi nguzo ya geti lao, kwamba rangi yenyewe haionekani. Siku alipoigonga ile nguzo, mkewe alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari akampa dawa ya matone, akamwambia aache kuendesha, arudi akapimwe tena.

Gari aliliegesha uani, lakini kwa daktari hakurudi. "Daktari ana herufi zake ukutani, mimi nina gari langu," alimwambia mkewe. "Nikiweza kuliona tone la maji kwenye boneti, nitamwona mtoto akivuka barabara. Siku nikiacha doa, usukani basi."

Jumamosi ya kwanza baada ya maneno hayo, aliosha kama kawaida yake, akaenda kuoga. Mkewe alipotoka kuanika nguo alikuta matone yametapakaa kwenye paa, na mengine yamekwisha kauka kando ya taa. Hakukusudia kumdanganya mtu. Alimwonea huruma tu. Alichukua kitambaa, akatia siki kidogo kwenye maji, akafuta kila doa. Mzee akatoka, akasimama mbele ya gari lake, akatabasamu kama bwana harusi. Basi Jumamosi iliyofuata akafuta tena, na nyingine tena, ikawa ndiyo kazi yake. Chupa ya siki aliificha nyuma ya gunia la mkaa.

Ijumaa moja wakiwa mezani, Bwana Kioo akasema, "Jumatatu narudi barabarani."

"Na macho je, baba?"

"Macho yana nini? Gari si unaliona? Tangu niugue, umewahi kukuta doa?"

Mkewe akainamia sahani.

"Nakuuliza, mama. Umewahi?"

"Sijawahi," akasema.

Kabla ya kulala alipiga magoti. Hakuomba mumewe apone, kwani hilo alikwisha liomba mpaka magoti yakaota sugu. Aliomba apewe nguvu ya kukaa kitini.

Asubuhi mzee akaosha gari. Alipokwenda kuoga, akiimba, mkewe alikaa kitini penye mlango wa jikoni na kitambaa kikavu mapajani, akakishika kwa mikono yote miwili. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinalihama gari polepole.

"Dada!" fundi akaita kutoka dirishani. "Leo hutoki?"

"Leo sitoki."

Fundi alichungulia uani, akalitazama gari, akamtazama mwenzake mlangoni. Alirudi kwenye cherehani yake bila utani.

Bwana Kioo akatoka na shati la kupigwa pasi, ufunguo ukining'inia kidoleni. Akasimama mbele ya boneti. Bati lote lilikuwa na madoadoa meupe, kama limenyunyiziwa unga.

"Unaona?" akasema kwa furaha. "Kioo kitupu!"

Mkewe alisogea karibu. Akamshika mkono, akauweka juu ya boneti.

Vidole vile vililijua bati kuliko macho yalivyowahi kulijua. Vikasimama penye duara gumu la chumvi. Vikasogea kidogo, vikakuta jingine. Akapitisha kiganja kwenye mlango, kwenye paa, mpaka nyuma kwenye buti, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa kumtafuta anapoumwa.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka kwa daktari."

"Na siku zote ulikuwa unafuta wewe?"

"Ni mimi, baba watoto. Nisamehe."

"Ungeniacha nikamuue mtoto wa watu?"

"Ndiyo maana leo sikutoka," akasema, na machozi yakamshinda.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango. Uso aliuelekeza kwenye gari ambalo kwake lilikuwa weupe tu wa jua. Halafu akauchomoa ufunguo kidoleni, akautafuta mkono wa mkewe, akauweka humo na kuufumba.

"Jumamosi ijayo usinifutie," alisema. "Nishike mkono unipeleke penye tone, nilifute mwenyewe."