Kanuni za Kaka Zilipogeuka Vijisanduku

Kaka yangu ni mbishi na mimi sina subira. Sijui mama alituwezaje nyumba moja. Yeye anafundisha hesabu sekondari, mimi nina stesheneri hapa Tarime mjini. Tasnifu yake ya uzamili ilihusu maji yanayobaki udongoni baada ya mvua kwenye mashamba ya Busawe. Aliiandika kwa ile programu ya wanahesabu, unaiandikia amri, yenyewe inapanga kurasa. Zilitoka safi kama kitabu cha dukani, na msimamizi wake akazipitisha. Kisha chuo kikasema kinapokea faili la programu ya kawaida tu, mwisho Ijumaa, na atakayechelewa atahitimu mwakani. Mama kule Nyanungu alikuwa ameshawaita shangazi zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari waje kwenye sherehe.

Akaniletea dukani, nikaligeuza faili. Maneno yalikuja yote, kanuni za hesabu zikawa vijisanduku vitupu.

"Hii nini sasa?" kaka akauliza, kana kwamba nimezila mimi.

Nikamwambia asome kwenye nakala yake ya karatasi, niziandike upya moja moja. Alisoma kwa sauti ya darasani, anatua kila alama: jumlisha, toa, gawanya kwa. Nilimtania kwamba atanipa na mtihani. Tulikwenda vizuri mpaka sura ya tatu. Hapo akasoma mstari, akausoma tena polepole. Maji yanayokaushwa na jua alikuwa ameyajumlisha, na yalitakiwa kutolewa. Matokeo yote ya sura ya nne yalisimama juu ya mstari ule, na kuyakokotoa upya kungepita Ijumaa. Kurasa zilikuwa nzuri mno, hakuna aliyezitilia shaka, si msimamizi, si yeye.

"Kaka, niache niandike ilivyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atasoma?"

Akanitazama bila hasira. "Mimi nimeshasoma."

Niligombana naye, tena sana. Nilimwambia ana kiburi, anataka kumwaibisha mama mbele ya mawifi zake kwa alama moja tu. Moyoni nilijua nasema ovyo, na nilimwonea wivu kwa ule utulivu wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akachukua simu, akatoka nje, akasimama dirishani.

"Shikamoo, mama," nikamsikia. "Mama, shule bado sijamaliza."