Kikombe Kwanza, Chai Baadaye

Hebu mwone dada huyu mtunga programu anavyoingia ofisini: mkoba begani, kikombe kitupu mkononi. Anakiweka mezani, anakichungulia ndani, ndipo anafuata chupa ya chai. Jirani yake wa meza humtania kila asubuhi, "Dada, kwani kikombe kitakimbia?" Naye hujibu kwa sauti yake ya kubembeleza, "Kaka, chai haimiminwi hewani."

Kazi yao ni programu inayoiwezesha kompyuta kuonyesha picha kwenye skrini. Aliyoiandika jirani ilitenga nafasi ya kifaa cha picha kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kukiwasha papo hapo, kwa mkupuo mmoja. Kifaa kikigoma katikati, mashine nzima inaganda. Na saa kumi jioni kompyuta zenye programu hiyo zilitakiwa ziwe kwa mteja! Dada akaigawa kazi ile mara mbili: kwanza kutenga nafasi, kisha, kwa amri ya peke yake, kuwasha. Vidole vyake vifupi vilibonyeza taratibu, kama anayechambua mchele. Skrini ikawaka. Jirani akaruka, "Tumepona!" Yeye hata hakutabasamu. Akakifanya kifaa kigome makusudi, akawasha upya. Picha haikuja, lakini mashine haikuganda: ilituma ujumbe wa kosa kwenye kompyuta ya pembeni, ikaachia nafasi iliyotengwa, ikaendelea na shughuli zake. Hapo ndipo alipocheka mpaka miwani ikateleza puani. "Umeiona, kaka, inavyoshindwa kwa adabu?" Jirani akatazama saa: tisa na nusu. Akavuta kikombe chake, akakichungulia ndani kabla ya kumimina. Nawe msomaji, ungeshangilia ilipowaka, au iliposhindwa?