Msomaji aliyemteremshia kamba mtu wa kisimani

Saa mbili asubuhi. Mwanamke mwenye kilemba cha buluu anasogeza kiti karibu na dirisha, anakunywa funda moja la maji, anasafisha koo, kisha anafungua kitabu kizito palipowekwa uzi mwekundu. Ng'ambo ya meza, mzee aliyefunga vifungo vya sweta kombokombo ameinamisha kichwa, sikio moja mbele.

"Tulimwacha wapi, mwanangu?"

"Kisimani, Mwalimu."

"Haya, twende."

Hiyo ndiyo kazi yake, kusoma kwa sauti. Mtaani wanamwita Redio, naye anaitika bila kinyongo. Mzee alifundisha falsafa chuoni mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, akabaki na kuta zilizojaa vitabu asivyoweza kuvisoma. Walikutana kliniki ya macho, enzi hizo Redio akikaa mapokezi na kuita wagonjwa.

"Aliita jina langu kama anayenijua," anakumbuka Mwalimu. "Wengine walikuwa wanaita kama wanafukuza kuku."

Kliniki ilipopunguza wafanyakazi, Redio alijikuta akilipwa na Mwalimu kusoma vitabu ambavyo, anasema huku akicheka, "mwanzoni vilikuwa vinanilaza mimi kabla ya Mwalimu."

Kitabu anachotunga Mwalimu mwenyewe, kwa kukisema mbele ya kinasa sauti, kinahusu kisa kimoja kifupi cha kale. Mwanafalsafa alitembea usiku macho yakiwa kwenye nyota, akatumbukia kisimani. Kijakazi aliyekuwa karibu akaangua kicheko: mtu anataka kuyajua ya mbinguni, ya miguuni pake hayaoni.

Basi, kisa kimeisha. Lakini wanafalsafa wamekitafuna karne na karne, na bado hawajakimeza. Kuna waliosema anayefaa kuchekwa ni kijakazi, kwa kuwa hakujua mwenzake anatazama nini. Watu wa dini wakamgeuza mwenye hekima kuwa mtu wa kiburi, anayechungulia mbingu na kusahau nafsi yake. Wengine wakadai hakuanguka hata kidogo, alishuka makusudi, eti ukiwa ndani ya kisima unaziona nyota vizuri zaidi.

"Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo," anasema Mwalimu. "Kila zama inamwangusha kwa sababu zake."

Redio aliyasoma yote hayo, na kitu kikawa kinamkera.

"Nilikuwa namwonea huruma yule mtu," anasema. "Kila siku namtumbukiza kisimani, kila siku wanabishana juu ya kichwa chake, halafu tunafunga kitabu tunamwacha humo humo. Hakuna anayesema alitokaje."

Asubuhi moja, akisoma masimulizi ya zamani ya kisa hicho, ulimi ukamteleza. Baada ya kicheko cha kijakazi aliongeza sentensi isiyokuwemo: kisha kijakazi akamteremshia kamba.

Mwalimu akainua mkono. "Rudia hapo."

Akarudia, na kamba yake. "Mara ya kwanza niliteleza," anasema, sauti ikishuka. "Mara ya pili nilidanganya."

Mwalimu alifurahi kama mtoto. Alitunga sura nzima juu ya kamba ambayo wanafalsafa wote waliiruka, akapanga kuisoma mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Redio alikosa usingizi. Dada yake alimwonya asijipalie makaa: kazi ni hiyo hiyo moja, na mzee hana njia ya kugundua.

"Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasema. "Hana njia ya kugundua. Angesimama mbele za watu, wangemcheka yeye. Na kisima nimechimba mimi."

Akamwambia. Mwalimu akauliza swali ambalo Redio hajalisahau: "Na mengine mangapi?"

"Hilo moja tu, Mwalimu."

"Nitajuaje?"

Redio alichukua mkoba wake akaenda zake, akalia njia nzima, na nyumbani akakaa siku kadhaa akijua kazi imeota mbawa.

Simu ilipokuja, Mwalimu hakumsamehe kwa maneno matamu. Alimpa sharti: akitaka kusema lake, agonge meza kwanza. Sura ya kamba aliifuta yote. Akabakiza sentensi moja, nayo itakuwa ya mwisho kitabuni: kwamba msomaji wake, aliyechoka kumwacha mtu kisimani, alimteremshia kamba.

"Wote waliokisimulia waliongeza kitu," anasema mzee, akipapasa meza mpaka aipate bilauri ya maji. "Huyu ndiye pekee aliyekuja kuniambia."

Leo Redio anasoma taratibu. Katikati ya ukurasa anagonga meza, ko. "Huyu bwana naye anazunguka sana," anasema. Mwalimu anacheka hadi sweta inatikisika, kisha anamwashiria aendelee.

Kitabu kimebakiza sura moja. Kikishachapwa, Redio ana ombi lake.

"Nataka nimsomee chote, mwanzo mpaka mwisho, bila mkono wangu kugusa meza," anasema. "Hata nikifika pale penye kamba, maana sasa imo kitabuni."