Nundu Mbele Yangu

Mguu wa mama yangu ulizikwa kabla yake. Ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na kwa kuwa kiungo cha Mwislamu hakitupwi, baba yangu mdogo aliufunga kwa shuka nyeupe, akaubeba kwapani mpaka makaburini, akauchimbia shimo dogo karibu na ua wa miiba. Mama aliishi baada ya hapo, na kila tulipopita upande ule wa mji kwa gari la mume wangu aligeuza uso akaangalia ng'ambo ya pili. Hakulalamika hata siku moja. Aliendelea na halwa yake na chai yake ya sukari nyingi mpaka akaufuata mguu wake.

Nasimulia hayo kwanza ili mtu asije akaniuliza kwa nini mwanamke wa Garissa, mwenye akili zake timamu, alikubali kukatwa tumbo wakati watu wa kwao wanakufa njaa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, ukame umemaliza mifugo, wafugaji wamehamia pembezoni mwa mji na kujenga vibanda vya matambara, na mahindi ya msaada yanagawanywa kwa foleni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa mnene kiasi kwamba nikisujudu siinuki bila kushikwa, kwa hiyo nikaswali kwenye kiti. Kwetu unene wa mke ni sifa ya mume. Wangu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, anawapeleka Nairobi, na kadiri nilivyozidi kujaa ndivyo alivyozidi kuheshimiwa sokoni. Hakuna aliyeniambia nipungue. Kisha nikapimwa, nikaambiwa nami ninayo sukari, na nyayo zangu zikaanza kuchomwa na miiba isiyokuwepo. Nikaikumbuka ile shuka nyeupe kwapani mwa baba mdogo. Niliogopa sana.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Jidda. Yeye ndiye aliyeniambia kuna daktari huko anayelipunguza tumbo la chakula. Analibana sehemu ya juu kwa pini ndogo za chuma, kama karatasi za ofisini zinavyobanwa, inabaki nafasi isiyozidi yai la kuku. Mume wangu alifikiri kwa siku kadhaa, akakubali, ila kwa sharti kwamba mtu asijue. Angewaambia nini watu? Kwamba wenzake wanapanga foleni ya mahindi na yeye anamvusha mkewe bahari ili asile? Tukasema ninakwenda Umra. Na Umra nilikwenda kweli, nikaizunguka Kaaba nikiwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, kisha nikaingia hospitali.

Daktari alinionya kwa Kiarabu, dada akanifasiria. Nyama itakwama nisipoitafuna ikawa uji. Nikila na kushiba, kisha nikaendelea kujilazimisha, pini zinaweza kuachia, na zikiachia nimerudi nilikotoka. Mwisho akasema jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani, kwamba yeye ameshughulikia tumbo tu, hamu hajaigusa.

Nilirudi nikidhani njaa na hamu ni kitu kimoja. Njaa iliondoka, nasema kweli. Vijiko vichache vya uji vilinitosha. Lakini hamu ilikuwa imekaa kinywani, na huko hakuna pini. Nilitamani anjera, ule mkate wetu laini wa asubuhi, iliyolowa samli na sukari mpaka vishimo vyake vikajaa. Nilitamani nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaushwa na kukaangwa, vikalazwa ndani ya samli yenye iliki. Zaidi ya vyote nilitamani nundu, yale mafuta meupe ya mgongo wa ngamia, ambayo ukiyang'ata yanamwaga utamu wa moto kabla hujameza. Anayedhani kutamani chakula ni utoto hajawahi kukaa mbele ya sinia ya wali na nundu akiwa amekatazwa.

Nilipambana nayo nilivyojua. Niliweka mswaki mdomoni mchana kutwa, nikatafuna iliki mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilijipa kazi ya kupika na kupakua ili mikono isikose shughuli, nikala kwa macho. Chai ndiyo iliyonishinda kuliko nyama, kwa sababu nyama hukwama lakini chai ya maziwa na sukari huteleza yenyewe, haiulizi tumbo lina ukubwa gani. Nikaifungia sukari kabatini na kumpa mume wangu ufunguo aende nao sokoni. Wageni wa mchana wakanywa chai bila sukari. Wakatangaza kwamba Umra imenifanya bahili.

Ramadhani ndiyo ilinipumzisha. Mwezi mzima, kuanzia alfajiri hadi magharibi, nilikuwa sawa na watu wote.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo naichukia mpaka leo. Nilikuwa nikienda nyuma ya jiko na kipande cha nyama, nakitafuna, nanyonya utamu wake wote, kisha natema mabaki na kumtupia paka. Siku moja mwanamke wa vibandani, aliyekuja kuomba maji na mtoto mgongoni, alitokea kwenye kona akanikuta nikitema. Alimtazama paka akila mpaka akamaliza, akachukua mtungi wake wa maji na kuondoka. Hakurudi tena kwetu kuomba maji.

Nikapungua. Magauni yakanining'inia, bangili za dhahabu zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko, mashavu yakaingia ndani. Nilianza kuswali chini, kwenye mkeka, na siku ya kwanza nilipoinuka kutoka sijda peke yangu nililia kwa furaha. Sukari ilishuka. Ile miiba nyayoni ikatoweka. Nyumbani kwangu nilikuwa mtu aliyepona, lakini nje ya mlango nilikuwa maiti inayotembea. Mwanzoni wanawake walisema mume wangu ananinyima chakula, wakaacha kumwamkia. Baadaye wakapata maelezo matamu zaidi. Mume anashinda Nairobi, mke anakauka. Wakati ule kila mji ulikuwa ukiuogopa ule ugonjwa wa kukonda, na aliyekonda bila sababu hakuhitaji kupimwa na daktari, majirani walikwisha kumpima.

Ningewavumilia, mimi si mtu wa kuogopa midomo ya watu. Lakini nilikuwa na binti mmoja, ameshaposwa na kijana wa familia ya mji wa Takaba, na uvumi ule ulipanda malori ya mifugo ukafika Takaba kabla ya salamu zangu. Mume wangu akaambiwa na rafiki yake sokoni kwamba mama wa kijana anakuja Garissa na shemeji zake, eti kunijulia hali. Sote tulijua wanakuja kuniangalia nikila. Ilikuwa ikiaminika kwamba mwenye ule ugonjwa hawezi kukaa na mafuta tumboni, atayatapika hapo hapo. Nilimwambia mume wangu tuwaeleze ukweli wa Jidda. Akanijibu kwamba watu waliokwisha kudanganywa kuhusu Umra hawataamini habari ya pini za chuma, watasema ni uongo wa pili wa kuficha ule wa kwanza. Kwa hilo alikuwa sahihi.

Binti yangu hakujua lolote. Alikuwa ameambiwa nina vidonda vya tumbo. Asubuhi ya siku ile alinikuta jikoni nakoroga mchuzi, akasimama karibu yangu, akaninong'oneza, "Hooyo, kula leo. Leo tu." Hooyo ni mama kwa Kisomali, na alilitamka kama alivyolitamka alipokuwa mdogo ana homa. Alimpenda yule kijana. Nilimwambia akawashe ubani sebuleni.

Wageni walikuja baada ya adhuhuri. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mkubwa, mzito, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Hakuwa mbaya. Angekuwa mwanangu anaoa, nami ningepanda lori nikaenda kutazama. Tuliketi kwenye zulia kuizunguka sinia moja, kama desturi ilivyo, yeye ubavuni mwangu. Kwetu mkubwa wa wageni hukata kipande kizuri na kukiweka mbele ya anayemheshimu, na kukiacha kipande hicho ni kumtukana mbele ya watu wake. Alikata nundu kwa vidole, kipande kinene kinachong'aa, akakiweka juu ya wali upande wangu.

"Kula, abaayo," akasema. Ameniita dada. "Kula nikuone."

Nilikitia mdomoni. Sitasema uongo, nilifurahi. Miezi yote ile ya mswaki na iliki, na sasa ninaamriwa na mgeni kula kile nilichokiota. Nilitafuna polepole nikiwa nimefumba macho kidogo, na nadhani furaha yangu aliiona kwa sababu alitabasamu. Akaongeza cha pili, cha tatu, na wali uliolowa mafuta. Hapo ndipo kikakwama. Kifua kilibana, mate yakajaa mdomoni mazito kama povu, jasho likanitiririka chini ya shungi. Nilitaka kukimbilia nyuma. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawisha mikono, ananitazama, na mama wa kijana naye ananitazama. Nikameza mate. Nikamwomba cha nne mwenyewe.

Kilipokuwa kikishuka nilisikia maumivu makali chini ya mbavu, kisha kitu kikaachia taratibu, kama mshono wa gauni unapokatika ukiinama. Maumivu yakaisha. Yaliyofuata ndiyo yaliyonitisha, kwa kuwa chakula kilipita. Nilikula kama zamani, kipande baada ya kipande, na hakuna kilichogoma. Nilijua palepale.

Mama wa kijana alinawa mikono, akamshukuru Mungu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba watu ni waongo wakubwa. Tarehe ya harusi ilipangwa kabla ya kahawa kupoa. Binti yangu alinikumbatia jikoni akitetemeka. Nami nilitetemeka, kwa sababu zangu.

Dada alimuuliza daktari, naye akathibitisha nilichokijua. Alikuwa radhi kurudia, ila tumbo lililokwisha kukatwa lina hatari zaidi, na mume wangu akaniuliza tutawaambia nini watu, Umra ya pili katika mwaka mmoja? Nikabaki. Sasa nilikuwa peke yangu na hamu yangu, bila kizuizi chochote, na nawaambia wazi kwamba ilinishinda. Kuna siku niliishinda. Nyingi ilinishinda yenyewe, hasa alasiri, chai inapochemka na iliki inanukia hadi chumbani. Magauni yakajaa tena. Bangili zikarudi kwenye kifundo cha mkono. Wanawake wale wale walionizika kwa midomo yao, wakinipita barabarani wakanishika mikono yote miwili, wakasema nimepona, mashallah. Mume wangu akaanza tena kuamkiwa. Nilirudi kuswali kwenye kiti na hakuna aliyeona hilo kuwa ugonjwa.

Binti yangu alipopata mimba ya kwanza alirudi kwangu kujifungua, kama inavyotakiwa, na kukaa arubaini yake. Wiki ile ile ya kujifungua kwake ndipo vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto vilipokatwa. Vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, sikuwa nikivihisi. Baba mdogo, mzee sasa, alivibeba yeye tena. Aliniuliza vikae wapi nikamwambia aende karibu na ule ua wa miiba.

Mzazi kwetu hulishwa. Supu, uji wa samli, ini, na mafuta ili maziwa yatoke na mwili urudi, na anayemlisha ni mama yake. Nilichechemea na sinia mpaka chumbani kwake. Alisogea akaniachia nafasi, akasema, "Hooyo, kula nami."

Nilikaa, na kwa mara ya kwanza nikamweleza. Jidda, pini, sukari, nundu ile ya watu wa Takaba na kile nilichokisikia kikiachia. Alinisikiliza mpaka mwisho mtoto akiwa kwenye ziwa. Kisha akaniuliza kama ningeikataa siku ile, yeye angeolewa. Nikamwambia hapana.

Aliutazama mguu wangu uliofungwa bendeji. Akamtazama mwanawe. Alilia kidogo bila sauti, halafu mkono wake ukarudi kwenye sinia, kwa sababu alikuwa akinyonyesha na alikuwa na njaa. Nami sikujua la kufanya jingine, nikakata kipande cha nundu, kile kizuri, nikakiweka mbele yake.